Kolaji Dhahania ya Rangi za Maji: Kutoka Ufuoni Hadi Kwenye Karatasi, Hatua kwa Hatua

Maswali ya wanaoanza kolaji, yaani picha ya vipande vya karatasi vilivyobandikwa, hayabadiliki. Mbona karatasi imejikunja? Mbona rangi zimegeuka matope? Mbona gundi imeacha madoa yanayong'aa? Mbona jani nililobandika limekuwa kahawia? Ukiyafuatilia, mengi yana chanzo kimoja: kazi ya maji na kazi ya gundi zimechanganywa. Mtu anapaka, anabandika, anapaka tena juu ya gundi, halafu rangi inakataa kushika.

Dawa yake ni utaratibu. Kwanza unatengeneza karatasi zako za rangi. Unaziacha zikauke kabisa. Ndipo unapochana, kupanga na kubandika. Hata Matisse, mchoraji wa Ufaransa, katika kolaji zake za miaka ya 1940, alikata karatasi zilizokwisha kupakwa gwashi (rangi ya maji isiyopitisha mwanga) na wasaidizi wake; mkasi uliingia baada ya brashi kumaliza.

Mfano wetu ni ufuo wakati maji yamekupwa: mchanga mbichi, mistari ya povu, vidimbwi. Hakutakuwa na mashua wala upeo wa macho. Neno "dhahania" lisikutishe. Hapa lina maana kwamba unachukua tabia mbili tatu za kitu na kuiacha sura yake. Ukipenda kutumia gome la mti au jiwe lenye mishipa, hatua ni zilezile. Tenga siku tano, si kwa sababu kazi ni nyingi bali kwa sababu kukauka hakuharakishwi.

Andaa hivi kabla ya kuanza

Karatasi:
- Moja ya rangi za maji, gramu 300 kwa mita ya mraba (gsm), pamba asilimia 100, uso wenye mkwaruzo wa wastani, sentimita 25 × 35. Huu ndio msingi. Usibane matumizi hapa.
- Saba za A4, gsm 180 hadi 200, za kupaka na kuchana. Hizi zinaweza kuwa za bei ya chini. Usitumie za gsm 300 kwa vipande: zikipandana mara tatu zinaleta matuta ambayo hata uzito hauyalazi.
- Mbili nyembamba zenye nyuzi ndefu, kama karatasi ya mforosadi, gsm 25 hadi 40, kwa tabaka zinazopitisha mwanga.

Rangi ni tatu tu: buluu ya altramarini, kahawia-nyekundu ya siena iliyochomwa, na njano ya udongo. Soma msimbo wa rangi kwenye tyubu badala ya jina, maana jina hubadilika kwa kila mtengenezaji. Unatafuta PB29 kwa buluu, PBr7 kwa siena (wengine huweka PR101, nayo inafaa), na PY42 au PY43 kwa njano. Epuka nyekundu yenye msimbo PR83 katika kazi yoyote ya kutundikwa. Hupauka kwenye mwanga.

Vifaa vingine:
- brashi bapa ya sentimita 2.5, brashi ya duara namba 8, na brashi kuukuu ya gundi pekee
- mitungi miwili ya maji: mmoja wa kusuuzia, mmoja wa maji safi ya kuchanganyia
- ubao bapa mkubwa kuliko msingi, na tepu ya karatasi yenye gundi ya kuloweshwa, upana wa sentimita 5
- chumvi ya mawe, mshumaa mweupe, nailoni nyembamba ya kufunikia vyakula
- gundi nyeupe ya PVA isiyo na asidi
- mkasi, kisu cha kukatia karatasi, kibano, karatasi ya kuokea, vitabu vizito vya kilo 5 hadi 8

Gundi ya kijiti haimo katika orodha kwa makusudi. Inashika leo, na baada ya muda kingo zinaanza kuinuka.

Hatua ya 1: Tazama, usichore

Kata tundu la sentimita 4 × 6 katikati ya kadi. Hicho ni kidirisha chako. Kiweke juu ya picha uliyopiga ufuoni, au kishike mbele ya jicho ukiwa palepale, kisha kisogeze mpaka ulichokiona kisitambulike mara moja kuwa ni ufuo. Hapo pana kitu cha kufanyia kazi.

Andika mambo matatu: mstari mmoja, ukingo mmoja, na umbile moja la uso. Andika kwa maneno. Penseli ikianza kuchora, utajikuta unachora wimbi.

Tuchukue mstari wa povu. Ukiutazama kwa makini haukimbii sawasawa: ni matao mapana yanayoelekea nchi kavu, na matao mawili yanapokutana hufanya ncha kali inayoelekea baharini. Tena kuna kanuni ndani yake. Wimbi likipanda mpaka juu huacha mstari. Linalofuata likiishia chini yake, mistari yote miwili inabaki. Likipanda kuupita, huufuta ule wa kwanza. Kwa hiyo mistari ya povu haivukani kama msalaba hata mara moja. Mpya hukata wa zamani na kuufunika. Shika hilo, maana tutalitumia katika kupanga vipande.

Hatua ya 2: Jaribu rangi tatu

Kwenye kipande cha karatasi chakavu, changanya altramarini na siena kwa uwiano tofauti. Siena ikizidi unapata kahawia ya mchanga mbichi. Zikilingana unapata kijivu kinachokaribia weusi. Altramarini ikizidi, kijivu kinapoa na kuwa cha maji ya kina. Njano ya udongo inapasha joto. Huhitaji tyubu nyeusi. Hiyo ndiyo inayoua uhai wa kijivu.

Kwa uzito wa mchanganyiko tutatumia vipimo vitatu: wa chai (rangi kidogo, maji mengi, unatiririka), wa maziwa, na wa mtindi (unabaki kwenye brashi ukiigeuza). Kumbuka rangi ya maji ikikauka hupauka. Ikikupendeza ikiwa mbichi, basi imepungua. Iongeze kidogo kuliko roho yako inavyotaka.

Hatua ya 3: Paka karatasi saba

Hii ndiyo kazi yenyewe. Zipe herufi nyuma kwa penseli kabla ya kuanza, na usihofu zikiharibika, kwani utazichana.

*A: Maji yaliyotulia.* Lowesha uso wote kwa brashi bapa. Subiri kama dakika moja mpaka mng'ao uwe sawa na pasiwe na madimbwi. Paka altramarini ya uzito wa chai juu, ya maziwa chini. Inamisha ubao kidogo kwa dakika moja, kisha ulaze na uondoke.

*B: Mchanga mbichi.* Changanya sehemu 1 ya altramarini na sehemu 2 za siena, uzito wa maziwa, mchanganyiko wa kutosha karatasi nzima. Paka kwenye karatasi kavu, haraka, kutoka juu kwenda chini, kisha laza. Sasa usiguse. Chembe za altramarini zinatulia katika vishimo vya karatasi. Ndani ya dakika kumi utaona vijidoa vya buluu vikijitenga na kahawia, kama mchanga ulioachwa na maji. Ukipitisha brashi tena, chembe zinasambaa na hali hiyo hairudi. Kosa hili linafanywa zaidi kuliko yote, na hufanywa na watu wenye bidii.

*C: Chumvi.* Paka altramarini na njano kidogo, uzito wa maziwa, juu ya karatasi iliyoloweshwa. Tazama mng'ao. Ukiwa wa kioo, ni mapema: chumvi itayeyuka tu. Uso ukiwa umefifia kabisa, umechelewa. Unataka ule wa katikati, mng'ao wa kioo unapogeuka kuwa wa hariri. Nyunyiza punje chache, si zaidi ya nusu kijiko cha chai kwa A4 nzima, tena kwa mafungu yasiyolingana. Acha ikauke yenyewe. Kikaushia nywele kinasimamisha kazi ya chumvi kabla haijaisha. Ikikauka, pangusa kila punje kwa kiganja kikavu. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu wa hewa, na miezi kadhaa baadaye inaanza kutoa madoa.

*D: Nailoni.* Paka rangi mbili bila kuzichanganya sana, uzito wa maziwa, zikiwa na maji mengi. Tandika nailoni juu, isukume kwa vidole ijikunje, weka kitabu chepesi. Acha usiku kucha. Ukiifunua baada ya saa mbili, mistari yote inatiririka na kupotea.

*E: Mshumaa.* Sugua mshumaa katika matao mapana kwenye karatasi kavu, ukibonyeza kwa nguvu tofauti. Paka buluu-kijivu juu. Nta inakataa maji na matao yanabaki meupe. Onyo: nta inakataa gundi vilevile. Vipande vya E vitakaa tabaka la juu kabisa. Ukibandika kitu juu ya nta kitabanduka.

*F: Brashi kavu.* Chovya brashi bapa katika rangi ya uzito wa mtindi, ifute kwenye kitambaa, kisha ivute kwa kuilaza karibu iguse karatasi kwa ubavu. Upate mistari iliyokatika, ya siena na njano.

*G: Giza.* Altramarini na siena sawa kwa sawa, uzito wa mtindi, tabaka mbili, ya pili baada ya ya kwanza kukauka. Wanaoanza huiruka karatasi hii kwa sababu haina mvuto. Kisha kazi yao inakosa mahali pa jicho kutulia, na hawajui kwa nini.

Zile mbili nyembamba zitandike juu ya plastiki, zipake rangi ya uzito wa chai, na usiziinue mpaka zikauke. Zikiwa mbichi zinachanika kwa uzito wake zenyewe.

Hatua ya 4: Kausha na unyooshe

Karatasi zimekauka zikiwa baridi? Bado. Gusa kwa mgongo wa mkono: ubaridi ni maji yaliyobaki. Zikiwa na joto la chumba, zigeuze, nyunyizia nyuma maji kidogo sana, ziweke kati ya karatasi safi nyeupe, weka vitabu juu mpaka kesho. Kipande kilichobandikwa kikiwa kimejikunja kitaendelea kupigana na gundi.

Hatua ya 5: Tayarisha msingi

Fanya hivi siku ileile ya hatua ya 3, ili msingi ukauke usiku. Zamisha karatasi ya gsm 300 katika maji baridi kwa dakika 4 hadi 5. Inyanyue kwa pembe mbili, iache ichuruzike, ilaze kwenye ubao na uondoe mapovu ya hewa kwa kupangusa kwa sponji safi kutoka katikati. Lowesha tepu ya gundi na kuibandika pande zote nne, sentimita 2 juu ya karatasi na sentimita 3 juu ya ubao. Acha ubao umelala. Ukiusimamisha, maji yanakusanyika upande wa chini na tepu inang'oka huko.

Tepu ya kawaida ya wapaka rangi za nyumba haishiki karatasi mbichi, usijaribu.

Kesho yake, karatasi ikiwa imekazika kama ngoma, acha ukingo wa sentimita 2 pande zote, upate eneo la 21 × 31. Paka njano ya udongo yenye tone la siena, uzito wa chai, lakini acha theluthi moja hivi bila rangi kabisa, kwa umbo lisilo la kawaida. Weupe wa karatasi ndio mwanga wako wote. Hakuna rangi nyeupe katika orodha, na ukiufunika hapa haurudi. Acha ikauke.

Hatua ya 6: Chana, kata kidogo

Kwanza tafuta uelekeo wa nyuzi za karatasi. Ikunje taratibu bila kuivunja, kwa urefu kisha kwa upana. Kule inakokubali kwa urahisi, mkunjo unafuata nyuzi. Weka alama ya mshale nyuma. Ukichana kufuata nyuzi, mpasuo unanyooka. Ukizikata, unakwenda upogoupogo. Yote mawili yana matumizi, mradi uchague wewe.

Sasa ukingo mweupe. Ukichana karatasi iliyopakwa upande mmoja, kipande kimoja hubaki na utepe mweupe wa nyuzi kwenye mpasuo, na kingine huuficha. Chana chakavu ukivuta mkono wa kulia kuja kwako, kisha kingine ukiusukuma mbali, uone weupe unahamia wapi. Utepe huo, wa milimita 1 hadi 4, ndio povu letu. Haupakwi rangi; unachanwa. Chana karatasi A na B katika matao mapana, polepole, vidole vikiwa karibu sana na mpasuo, sentimita moja kwa wakati mmoja. Ukivuta kwa mbali karatasi inajichania njia yake.

Kwa ukingo laini zaidi, chora mstari wa maji safi kwa brashi ya duara, subiri sekunde thelathini, kisha tenganisha kwa kuvuta pande mbili. Nyuzi zinatoka kama manyoya. Hii inafaa mno kwa karatasi ya mforosadi, na kwa rangi inayong'ang'ania. Altramarini inaweza kuchuruzika kidogo kwenye mpasuo, kwa hiyo tumia maji kidogo.

Mkasi na kisu viwe vya karatasi G tu, na vipande viwili vitatu. Ukingo mkali mmoja kati ya mingi iliyochanwa unavuta jicho kama sauti kali katika chumba kimya. Ikiwa mikali kumi, hakuna unaosikika.

Chana vingi kuliko utakavyohitaji: vipande 25 hadi 30, ukijua utabandika 10 au 12.

Hatua ya 7: Panga bila gundi

Weka vipande juu ya msingi, kuanzia vikubwa. Tumia kanuni ya povu: kila tao jipya lifunike sehemu ya tao la zamani, na pasiwe na kingo mbili nyeupe zinazovukana kama msalaba. Ukiliangalia hili pekee, picha itakuwa na mwendo wa maji hata kama hakuna anayejua ilitoka wapi.

Vipimo vitatu vya haraka:
- Igeuze juu chini. Ikianguka upande mmoja, uzito haujakaa sawa.
- Ipige picha kwa simu na uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Ukiona kijivu kimoja kila mahali, ongeza kipande cha G au funua weupe zaidi.
- Ondoa kipande unachokipenda kuliko vyote. Mara nyingi hicho ndicho kinachozuia vingine. Kama picha imepwaya kweli, kirudishe.

Usibandike siku hiyo. Iache mezani usiku, chini ya kitu kisichopeperusha vipande. Ukiridhika asubuhi, piga picha ya mwisho ya mpangilio, kisha uandike namba nyuma ya kila kipande kwa penseli kutoka chini kwenda juu. Bila namba, utakapoinua cha kwanza umepoteza ramani.

Hatua ya 8: Bandika

Kwa vipande vya gsm 180 na zaidi, changanya PVA sehemu 3 na maji sehemu 1. Kwa karatasi ya mforosadi, gundi ya wanga wa ngano ni bora kwa sababu haing'ai na inakupa muda wa kusogeza: sehemu 1 ya wanga kwa sehemu 5 za maji, pika kwa moto mdogo ukikoroga bila kuacha mpaka iwe nzito na ipitishe mwanga kidogo, ipoe, ipitishe kwenye chujio. Inakaa siku chache mahali pa baridi, ikinuka, itupe.

1. Laza kipande kifudifudi kwenye karatasi ya kuokea. Paka gundi nyuma yake kutoka katikati kwenda nje, ukipita ukingo. Usipake gundi kwenye msingi: brashi yenye maji itainua rangi uliyokwisha kuipaka.
2. Subiri. Kipande chenye gundi ya wanga kinahitaji dakika 1 hadi 2 ili nyuzi zinyonye maji na kutanuka. Ukikibandika mara moja, kitatanukia juu ya msingi na kukunjamana. PVA inakauka haraka. Sekunde 20 hadi 30 zinatosha.
3. Kiinue kwa kibano, kishushe kuanzia upande mmoja, kisha funika kwa karatasi mpya ya kuokea na usugue juu yake kwa kiganja. Usisugue kipande chenyewe, rangi itahama.
4. Gundi iliyotoka pembeni ifyonze kwa kugusa kwa kona ya kitambaa chenye unyevu. Usifute kwa kuburuta.
5. Baada ya kila vipande vitatu au vinne, weka karatasi ya kuokea na vitabu kwa dakika 20, kisha endelea.

Panga nyuzi za vipande vikubwa zifuate uelekeo mmoja na za msingi. Karatasi ikilowa hutanuka zaidi kwa kukata nyuzi kuliko kwa kuzifuata, kwa hiyo vipande viwili vilivyopishana vinavutana vinapokauka, na msingi unapinda.

Cha mwisho kikikaa, weka karatasi ya kuokea, ubao, na kilo 5 hadi 8 juu. Saa 24. Karatasi ya kuokea ya kwanza ibadilishe baada ya dakika 20, kwani imeshika unyevu.

Hatua ya 9: Miguso ya mwisho, kisha kukata tepu

Ukihitaji mstari hapa na pale, tumia penseli ya rangi au wino wa kalamu usiochuruzika. Brashi yenye maji sasa ni hatari mbili: inaamsha rangi, na palipo na gundi maji yanajikusanya matone.

Kata tepu kwa kisu, upande mmoja kisha ule unaoukabili, halafu miwili iliyobaki. Ukizunguka mfululizo, karatasi inaweza kujivuta na kupasuka kwenye kona ya mwisho. Weka sahihi kwa penseli.

Usipake vanishi kwa brashi. Kazi ya namna hii inakaa chini ya kioo, ikiwa na kadi yenye dirisha inayokitenganisha kioo na karatasi. Vikigusana, unyevu unaganda kati yao na ukungu unafuata. Itundike mbali na jua la moja kwa moja.

Na majani halisi?

Yanawezekana, lakini ujue unachokikubali. Kijani cha jani kinapotea na kubaki kahawia, jani linavunjika, na lisipokauka vizuri linaleta ukungu. Likandamize kati ya karatasi zinazonyonya, wiki mbili hadi tatu, ukibadilisha karatasi kila siku mbili katika wiki ya kwanza. Chagua jembamba, lenye mshipa mnene halilali.

Njia bora ni kuchukua alama ya jani. Paka rangi ya uzito wa mtindi upande wa mishipa, likandamize kwenye karatasi nyembamba, linyanyue. Au liweke chini ya karatasi nyembamba na usugue juu kwa ubavu wa penseli ya rangi. Mary Delany wa Uingereza alianza kolaji zake za mimea mnamo 1772, akiwa na umri wa miaka 72, akatengeneza karibu 1,000 kwa karatasi zilizokatwa. Ziko British Museum, na petali zake bado ni petali.

Magazeti nayo yaache. Karatasi yake hubadilika kuwa njano na kumeng'enyeka, na wino hauna uhakika.

Matatizo na tiba zake

*Rangi zimekuwa matope.* Ama umezidisha rangi tatu katika mchanganyiko mmoja, ama umerudia brashi kwenye eneo linalokauka, ama maji ya kuchanganyia ni machafu. Badilisha maji kila karatasi mbili. Karatasi yenyewe usiitupe. Matope yakichanwa vipande vidogo karibu na buluu safi yanageuka mchanga.

*Kuna maua yenye kingo zilizochongoka katikati ya rangi.* Maji zaidi yameingia kwenye eneo lililokuwa limeanza kukauka, yakasukuma rangi pembeni. Hayafutiki vizuri. Katika karatasi A na C yanakubalika. Katika msingi yafunike kwa kipande.

*Chumvi haikufanya chochote.* Uso ulikuwa mbichi mno au mkavu mno, au rangi ilikuwa nzito mno. Jaribu tena kwa uzito wa maziwa.

*Rangi haikutulia kama chembe.* Angalia msimbo. Rangi zinazonata kwenye nyuzi, kama PB15, hazitoi chembe. Au karatasi ni laini mno, haina vishimo.

*Kingo za vipande zimeinuka.* Gundi haikufika ukingoni, au kuna nta au chumvi chini. Ingiza gundi kwa ncha ya kipande cha karatasi ngumu, kandamiza, weka uzito saa 12.

*Kuna povu la hewa chini ya kipande.* Likiwa bado bichi, lisukume kwa kiganja kuelekea ukingo wa karibu. Likikauka, chana mstari mfupi kwa kisu kufuata mpaka wa rangi uliopo, ingiza gundi, kandamiza. Mkato utajificha.

*Madoa yanayong'aa.* Ni PVA iliyokauka juu ya uso. Haiondoki kwa maji. Funika kwa karatasi ya mforosadi iliyobandikwa kwa wanga, au kwa kipande kingine.

*Kazi nzima imepinda baada ya kutolewa kwenye uzito.* Vipande vya mbele vimevuta upande mmoja. Bandika nyuma ya msingi karatasi nzima ya uzito unaokaribiana na vipande, nyuzi zikifuata uelekeo uleule, kisha rudisha chini ya vitabu saa 24. Ikiwa bado inapinda kidogo upande ule wa kwanza, karatasi ya nyuma ilikuwa nyepesi mno. Ongeza ya pili.